Mguu Mfupi wa Bibi

Jumatatu, 3 Aprili 1967

Daftari hili nimepewa na mke wangu, Mwanakuu. Amesema miaka thelathini na moja ya kunisikiliza nikimsimulia mambo ya mkahawa imemtosha, sasa nilisimulie daftari, maana daftari halina masikio ya kuchoka. Haya, bismillahi.

Masika yameanza leo. Na leo hiyo hiyo Aidarus kanipasulia jipu. Huyu ni ndugu yake Mwanakuu, mwamu wangu, na mkahawa huu wa Kibokoni ni wetu sote wawili, kila mtu na ufunguo wake. Mimi nashinda humu, yeye huendesha gari la tajiri mmoja wa Kizingo na hupita akipata nafasi. Aliingia akikung'uta mwavuli, akaitazama mashine ya gololi pale pembeni, akasema, "Fundi, hiki kitu hakina watu tena. Wote wamekwenda kuteza ile mpya ya Mwembe Tayari, yenye picha ya roketi. Hapa tutie friji ya soda."

Nikamwambia Bibi hatoki.

Daftari, wewe humjui Bibi. Ni mashine iliyokuja mwaka wa sitini na moja kutoka kwenye klabu ya mabaharia iliyofungwa. Unatia sumni, ile senti hamsini, unavuta mkono, gololi ya chuma inaruka juu, inagonga vinguzo, taa zinawaka, na nambari za hesabu zinazunguka. Ikishuka unabonyeza vitufe vya ubavuni na kuirudisha kwa vibao viwili tunavyoviita mapezi, pezi la kulia na pezi la kushoto. Kwenye kioo chake palichorwa mwanamke wa Kizungu aliyevaa nguo chache mno. Mwanakuu alimwona siku ile ile, akapanda juu, akashuka na rangi nyeusi na brashi, akamvika buibui mpaka vidoleni. Tangu hapo mashine inaitwa Bibi, na watu humwamkia wakiingia.

Miaka sita Bibi ndiye aliyekuwa akikusanya watu hapa. Wenyeji wa Mji wa Kale na makuli wa bandarini walisimama foleni moja wakitaniana. Sasa wamebaki wawili. Maalim Muhdhar, jirani yangu mshona kofia, na Kaingu wa Rabai, anayepakua mizigo Mbaraki, na ambaye tangu zamani hakuna wa kumshinda.

Tumebishana na Aidarus mpaka kahawa ikapoa. Mwisho tukapatana hivi. Jumatatu ya kuamkia Maulidi, baada ya alasiri, atakuja kuhesabu. Akikuta wachezaji ishirini wanangoja zamu, Bibi anabaki. Wakipungua hata mmoja, anatoka, friji inaingia. "Na wewe mwenyewe hutahesabiwa," akaniambia. Tukapeana mkono.

Jumatano, 5 Aprili

Mvua. Wachezaji wawili, na mmoja alikuwa anakimbia mvua.

Jumamosi, 8 Aprili

Nimetangaza kwamba atakayepata hesabu kubwa kila siku atapewa sahani ya haluwa. Kaingu ameila jana, ameila leo. Maalim Muhdhar amesema hana haja ya kutoa sumni yake kumlisha Kaingu.

Jumanne, 11 Aprili

Haluwa nimeiondoa. Kaingu ameniuliza iko wapi.

Ijumaa, 14 Aprili

Leo nimefanya jambo la aibu, basi naliandika upesi. Nilikwenda Mwembe Tayari kumwona huyo mwenye roketi. Nilijifunika mwavuli mpaka puani nisijulikane. Ndani nikakuta nyuso ninazozijua zote, vijana wangu, wazee wangu, wote wamejazana, na kengele zinalia utadhani harusi. Nikatia sumni. Gololi yangu ya kwanza ikapita katikati ya mapezi hata sijawahi kugusa kitu. Nyuma yangu mtu akaangua kicheko nikakitambua. Nikageuka. Maalim Muhdhar!

"Fundi," akasema, "kumbe nawe mfuasi?"

"Nimekuja kupeleleza. Wewe je?"

"Nami napeleleza. Huu ni mwezi wa pili."

Tulirudi pamoja chini ya mwavuli mmoja. Nilikuwa na hasira mpaka Ndia Kuu, halafu nikacheka. Alichoniambia ndicho kinachonikeketa sasa. "Bibi hatuna tena la kumjua," amesema. "Najua gololi itakwenda wapi kabla haijakwenda. Na aliye juu najua ni Kaingu, jana, leo na kesho. Mtu atezee nini?"

Jumatatu, 17 Aprili

Nimepata dawa. Bibi ni mgonjwa, nami nitamtibu.

Kabla ya mkahawa nilikuwa fundi muashi. Nusu ya kuta za mtaa huu zimepita mikononi mwangu, na hakuna hata moja iliyopinda. Leo nilipiga magoti kumtazama Bibi chini nikaona kitu cha kunitia haya. Sakafu ya mkahawa imelala kidogo kuelekea mferejini, ili maji ya kuoshea yatoke, na mguu wa nyuma wa kulia umewekewa kipande cha boriti ambacho hakikutosha. Miaka sita mashine imesimama kombo mbele ya macho ya fundi muashi! Nimetoa pimamaji yangu kwenye sanduku, nikakata mbao mpya, nikapima, nikakata tena. Kile kipande cha zamani nimekitupa jikoni kikachemshia chai. Nimebadilisha na balbu nne, na mapezi nimeyavika mpira mpya wa baiskeli. Sasa povu la pimamaji linakaa katikati kabisa. Nimefurahi mno, nimemwita Mwanakuu ashuke aone. Amesema, "Naam, limekaa," akarudi juu.

Jumatano, 19 Aprili

Hili litachukua kurasa.

Jana jioni Kaingu alikuja kama kawaida baada ya kazi. Akamwamkia Bibi, akatia sumni, akavuta. Gololi ikapanda, ikagonga, ikashuka, naye akaingoja pale anapoingoja siku zote. Haikuja pale. Ikapita upande wa pili, ikazama. Akakunja uso. Ya pili ikazama. Ya tatu aliifukuza kwa pezi la kulia, lakini ikaenda ilikotaka yenyewe, si alikotaka yeye. Mia nane na kumi! Kaingu, ambaye rekodi yake nimeiandika ukutani kwa chaki, elfu nne mia tisa na kumi, amepata mia nane na kumi.

Akageuka polepole. "Mzee Fundi, mumemfanya nini Bibi?"

Nami mpumbavu nikajivuna. Nikamweleza yote, sakafu, mguu, pimamaji. Kadiri nilivyoeleza ndivyo uso wake ulivyozidi kuzima.

"Miaka sita," akasema. "Miaka sita nimejifunza ule mwinamo. Najua gololi ikigonga nguzo ya tatu itasita, halafu itakuja kulia, maana Bibi alikuwa akiegemea kulia. Kila mtu hapa alijua. Maalim alijua. Wewe peke yako ndiye hukujua, kwa sababu wewe huchezi, wewe wapika kahawa tu."

Nikamwambia kitu kilichopinda ni kibovu, nami sikuzaliwa kulea ubovu. Maneno hayo nilitamani kuyameza hata kabla hayajatoka. Akachukua kofia yake, akamwambia Bibi kwa heri, mimi hakuniambia kitu, akatoka kwenye mvua.

Leo amekuja Maalim peke yake. Alicheza mara moja, akasema, "Sasa hata mimi simjui," akaenda kushona.

Nimekaa na mkahawa mtupu. Mvua inapiga mabati, na Bibi amesimama wima, mzuri, amenyooka, na hana mtu. Nimeumia, daftari. Si kwa ajili ya hesabu ya Aidarus. Nimeumia kwa sababu Kaingu alisema kweli. Miaka sita nimewatazama watu wakifurahi pale pembeni, nami sikuwahi kuuliza wanafurahia nini.

Alhamisi, 20 Aprili

Mwanakuu ameniona sili. Nimemweleza, ingawa ahadi ilikuwa nilieleze daftari. Yeye kwa miaka mingi alikuwa kiongozi wa chama cha lelemama, ngoma ya wanawake, mtaani hapa, na mashindano anayajua kuliko mimi ninavyojua saruji.

"Nyinyi wanaume," akasema, "mwadhani watu hufuata ngoma? Ngoma zetu zilikuwa zile zile tangu nyanya zetu. Watu walikuja kwa sababu wale wa upande wa pili walituimba vibaya wiki iliyopita, na ilikuwa lazima tujibu. Hata ungenitia kitwa majini nisingekosa kwenda. Sasa wewe una mtu mmoja anayewashinda wote. Hapo pana upande wa pili? Wagawe. Halafu nenda kamuombe msamaha yule mtoto wa watu."

"Nikamwambie nini?"

"Kamwambie ulikosa. Ni neno fupi."

Ijumaa, 21 Aprili

Baada ya sala nilikwenda Mbaraki, nikamngoja Kaingu getini pa bandari mpaka wakatoka. Kanzu yangu ililowa mpaka ikanata mwilini. Aliponiona alisita.

Nikasema, "Kaingu, nilikosa."

Akanitazama hivi, halafu akaanza kucheka, na wenzake wakacheka, nami nikacheka, maana nadhani nilikuwa na sura ya kuku aliyenyeshewa. "Mzee Fundi," akasema, "kile kipande cha mbao kiko wapi? Tukirudishe."

"Kilichemshia chai."

Hapo ndipo walipocheka hasa.

Tulirudi naye mpaka mkahawani. Akapiga magoti, akaanza kusukuma vipande vya mbao chini ya mguu, akiachia gololi, akisikiliza inavyoshuka, kisha akitoa kipande na kutia kingine. Mara ya tatu au ya nne akatia sumni. Akacheza mchezo mzima kwa kipande nilichokata kinene kupita kiasi. Akacheza mwingine kwa chembamba. Akauweka mguu wa kushoto juu badala ya wa kulia, akacheza tena, akashindwa vibaya, akawa anacheka peke yake.

"Mzee," akasema, "huyu si Bibi mmoja. Kila kipande cha mbao ni Bibi mwingine. Huyu wa sasa simjui kabisa! Nimerudi kuwa mwanafunzi!"

Nimekata vipande vitano leo, vya unene mbalimbali. Nimevipiga msasa vizuri. Fundi ni fundi.

Jumatatu, 24 Aprili

Sheria zimewekwa, Maalim Muhdhar ameziandika kwa hati yake nzuri, ziko ukutani. Wachezaji ni pande mbili. Pezi la Kulia kiongozi wao ni Kaingu, Pezi la Kushoto ni Maalim. Kila Ijumaa baada ya sala upande mmoja, kwa zamu, unachagua kipande na mguu wa kukiweka. Upande wa pili hautazami, unageukia ukuta. Bibi atakaa hivyo wiki nzima, na kila mtu ajionee mwenyewe anaegemea wapi. Hesabu zinajumlishwa kwa upande, si kwa mtu.

Pande mbili zina watu watano kwa jumla. Lakini watano hao wamekaa mpaka magharibi.

Jumamosi, 29 Aprili

Wanane.

Jumatano, 10 Mei

Jambo la ajabu. Nambari za Bibi hubaki zilipoachwa na mchezaji wa mwisho. Jana tulifunga zikisoma elfu moja mia mbili, za Maalim. Leo nimetoka sokoni, nimefungua, zinasoma elfu tatu na mia nane. Milango ilikuwa imefungwa. Nimemwuliza Mwanakuu kama amesikia mtu chini. Amesema yeye alikuwa juu anachambua mchele.

Ijumaa, 12 Mei

Na leo asubuhi tena, ila leo zinasoma mia tano tu. Maalim anasema ni jini. Kama ni jini, basi Jumatano lilikuwa na mkono mzuri, na leo limeamka vibaya.

Jumapili, 14 Mei

Aidarus amepita na utepe wa kupimia, eti anapima pembe ya friji. Ni mara ya tatu wiki mbili hizi. Huja asubuhi kabla sijarudi sokoni, namkuta amesimama karibu na Bibi, utepe mkononi, anatoka jasho. Nimemwambia pembe hiyo haijaongezeka wala kupungua. Mtu mwenye roho ngumu! Mbele yangu na hakimu wa mbinguni, anafurahia kuuona mwisho wa Bibi.

Ijumaa, 19 Mei

Kumi na wawili. Wengine wamerudi kutoka Mwembe Tayari. Kijana mmoja ameniambia, "Ile roketi, Fundi, ukishaijua imekwisha. Huyu Bibi kila Ijumaa ana hasira mpya."

Leo Pezi la Kulia wamechagua. Watu wa Maalim walikuwa wamegeukia ukuta wanaimba kwa kelele ili wasisikie mbao zikigonga. Nimecheka mpaka nikamwaga kahawa.

Alhamisi, 25 Mei

Mvua kubwa, mfereji umefurika, tumeinua viti. Hata hivyo wamekuja tisa, wamecheza miguu ikiwa ndani ya maji.

Jana Jumatano jini limefanya elfu tatu na mia tisa. Kaingu amezitazama nambari zile kwa heshima.

Jumamosi, 3 Juni

Pezi la Kushoto wameshindwa wiki tatu mfululizo. Leo alasiri, Maalim akiwa ameinama kucheza, kutoka dirishani kwetu juu zilishuka sauti za wanawake na mdundo wa tari:

*Pezi lenu la kushoto, limelala usingizi,*
*Gololi yapita kando, kama mwizi na mlinzi!*

Ni Mwanakuu na wenzake wa lelemama. Mtaa mzima ulitoka madirishani. Maalim aliacha gololi ikazama, akatoka nje akainua mikono juu kuelekea dirishani. "Bi Mwanakuu! Mwatuonea!"

"Jibuni!" sauti ikasema.

Wamejibu. Na wameapizana kwamba kila Jumamosi itakuwa hivyo. Leo nimehesabu kumi na sita, na watazamaji sikuweza kuwahesabu.

Jumapili, 11 Juni

Aidarus na utepe wake. Hakunisalimia vizuri. Nimemwona ana alama nyekundu kwenye kidole cha shahada, nikadhani ni usukani.

Jumatatu, 19 Juni

Ndiyo siku yenyewe.

Mvua ilianza alfajiri kana kwamba masika yamekumbuka kitu yalichosahau. Njia zote za kuingia mjini zilijaa maji. Saa nane walikuwapo sita. Saa tisa kumi na moja. Baada ya sala ya alasiri Kaingu aliingia na watu wake wa Mbaraki, wote wamelowa, wamevua viatu wameviweka begani, nami nikamkumbatia kila mmoja, maji na yote. Maalim aliwavuta watu madukani kwao kwa mikono. Mwanakuu na wenzake walikuwa juu, kimya, wanasikiliza.

Aidarus akaingia. Akakunja mwavuli. Foleni ilikuwa imenyooka kutoka kwa Bibi hadi mlangoni, na hakuna aliyefanya mzaha. Akahesabu kwa kidole. Akarudi nyuma akahesabu tena.

"Kumi na tisa," akasema.

Tulingoja. Dakika kumi, robo saa. Mlangoni alipita paka. Kijana mmoja akauliza kama baharia fulani hatakuja, mwingine akamwambia yuko Tanga. Nikamtazama Bibi. Lakini mkono tulishapeana.

"Neno ni neno," nikamwambia. "Lete friji yako."

Kaingu akasema, "Basi tumuage kwa mchezo mmoja wa mwisho," akatia sumni, akavuta. Aidarus alikuwa amesimama ubavuni mwake, uso umemwiva, sijui kwa haya au kwa huzuni. Gololi ikapanda. Kaingu akainama upande wa kulia kuingoja.

"Si huko!" Aidarus akapiga kelele. "Wiki hii yalalia kushoto! Ikigonga ya tatu yaja kushoto!"

Gololi ikaja kushoto, ikazama.

Foleni nzima ikamgeukia Aidarus. Kipande cha wiki hii kiliwekwa Ijumaa, na Ijumaa Aidarus hakuwapo. Hakuna awezaye kujua Bibi analalia wapi ila aliyemcheza.

"Mwamu," nikamwambia, "umejuaje?"

Akatazama mwavuli wake. Akatazama kidole chake chenye alama nyekundu. "Nilikuwa nikipima pembe," akasema.

"Kwa kidole?"

Hapo Maalim Muhdhar alikaa chini sakafuni akicheka, na wote wakafuata, na kutoka juu zikashuka vigelegele, maana wanawake walikuwa wamesikia kila neno. Aidarus mwenyewe alijizuia kidogo, halafu akashindwa. Kasema huja tangu mwanzo wa Mei, kila siku isiyokuwa ya kumpeleka tajiri wake Malindi, na mpaka leo hajavuka elfu moja.

"Ulisema mimi simo kwenye hesabu," nikamwambia. "Hukusema kitu juu yako. Simama foleni."

Akasimama, wa ishirini. Nilimpa kahawa ya kwanza. Miezi miwili nimemwandika humu vibaya, daftari, na leo nayafuta yote, ingawa kwa wino hayafutiki.

Jumanne, 20 Juni

Maulidi. Mkahawa umefungwa, na Bibi amepumzika.

Jumatano, 21 Juni

Mvua imeanuka. Nimetoka sokoni na kapu la samaki, nikafungua mlango, jua likaingia mpaka kwenye kioo cha Bibi.

Nambari zinasoma elfu tano mia moja na ishirini.

Nilikaa kwanza. Rekodi ya Kaingu ilikuwa ukutani miaka minne. Aidarus hawezi, na zaidi ya hayo leo ni Jumatano. Kila Jumatano alfajiri humpeleka tajiri wake Malindi, harudi mpaka usiku. Nikakumbuka kwamba jini lenye mkono mzuri ni la Jumatano siku zote, siku ambayo anayeshuka kutoka juu hana hofu ya kumkuta ndugu yake hapa chini.

Nikasogea. Juu ya kioo, karibu na kitufe cha pezi la kulia, palikuwa na ua moja la asumini lililodondoka kutoka kwenye kikuba, kama kile anachobandika Mwanakuu kifuani. Bichi, bado linanukia.

Nimeisikia dari ikilia juu, hatua zake, kisha sauti yake ikiniita, "Abdulghafur, samaki wataoza?"

"Nakuja," nikasema.

Lakini kwanza nimechukua chaki. Juu ya jina la Kaingu nimeandika 5,120, na pembeni yake, kwa herufi kubwa kabisa nilizoweza, nimeandika BIBI.